Tovuti Iliyobaki Fremu Tupu: Kisa cha Karakana ya Mikoba

Mteja mmoja alimtumia Fundi picha ya skrini usiku, na chini yake neno moja tu: "Mmefunga?" Picha ilionyesha ukurasa wa kwanza wa tovuti yake. Juu palikuwa na jina la karakana, chini anwani ya barua pepe, na katikati, mahali ambapo kwa miaka mitatu mikoba ilikuwa ikijipanga safu kwa safu, palikuwa peupe kabisa.

Fundi hakuwa amefunga. Alikuwa karakanani, cherehani inaunguruma, mikoba minne inasubiri mishikio. Alinipigia mimi kwa kuwa ndimi mtu wa tovuti anayemfahamu, na kwa wiki kadhaa zilizofuata tuliifungua tovuti ile kipande kwa kipande. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu, kwa ruhusa yake na bila kumtaja jina, kwa sababu nimeshaona biashara ndogo nyingi zenye tovuti iliyojengwa vivyo hivyo, na wenyewe hawana habari.

Tovuti ilikuwa na kurasa tano, lakini kilichoishi ndani yake yenyewe kilikuwa kidogo mno. Picha za mikoba hazikuwekwa pale. Zilivutwa kutoka kwenye akaunti ya Fundi ya mtandao wa picha, kupitia plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza, iliyozisoma kule na kuzionyesha huku. Fundi akiposti kwa simu, tovuti inajisasisha. Pembeni palikuwa na kitufe cha kuchati kilichofungua inboksi ya mtandao wa pili. Ukurasa wa "Habari" ulikuwa kisanduku cha kuonyesha posti za mtandao huohuo wa pili, na maoni ya wateja nayo yaliandikwa kwenye kisanduku kilichotoka hukohuko. Ukiondoa jina, nembo na aya mbili za "Kuhusu Sisi", tovuti nzima ilikuwa madirisha yanayotazama nyumba za watu wengine.

Simlaumu aliyeijenga. Mtu anayeshona kutwa hana muda wa kupakia picha moja mara mbili, na mpango ule ulimwondolea mzigo huo kwa miaka mitatu. Tatizo ni kwamba mpango ulitegemea njia ambazo Fundi hakuzimiliki wala hakujua kama zipo. Mtandao wa picha ulifunga njia ya zamani ambayo plagini zilitumia kuvuta picha. Taarifa ilitolewa miezi kadhaa mapema, ila ilielekezwa kwa watengenezaji wa programu, na kwa upande wetu mtengenezaji alikuwa kijana ambaye alikwisha kwenda kufanya kazi nyingine. Barua ilifika kwenye sanduku ambalo hakuna aliyelifungua.

Kitufe cha kuchati kilikuwa kimekufa zamani zaidi. Hilo tuliligundua tulipokuwa tukikagua mengine. Ukikibonyeza, hakifungui kitu, wala hakitoi ujumbe wa kosa. Picha zilizopotea hazikumuuma Fundi kama kitufe kile. "Watu walikuwa wanabonyeza, wananisubiri, wanaondoka," aliniambia, "na mimi nadhani biashara imepoa."

Mambo ya namna hii hutokea mara nyingi kuliko wafanyabiashara wadogo wanavyodhani. Google+ ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida tarehe 2 Aprili 2019, na kurasa zote za biashara zilizojengwa humo zikaenda nayo. Mwezi Machi 2024 Google ilizima tovuti za bure ambazo wafanyabiashara wadogo walikuwa wamezitengeneza kupitia wasifu wao wa biashara. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa pamoja kwa takribani saa sita. Amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao unaounganisha vituo vyao vya data, na seva zinazotafsiri majina kuwa anwani zikajiondoa kwenye ramani ya intaneti. Siku hiyo hata tovuti zilizokuwa hewani ziliumia, kama zilimtaka mteja aingie kwa akaunti yake ya Facebook.

Hapa wengi humaliza kwa ushauri mmoja: mitandao ni nyumba ya kupanga, tovuti ni nyumba yako, basi hamia kwako. Ushauri huo si wa uongo, lakini kwa Fundi ungetatua nusu ya tatizo. Nyumba yake ingebaki tupu hata tungezirudisha picha zote siku ileile. Nililiona hilo tulipofungua inboksi.

Nilimwomba Fundi apitie mazungumzo yake ya wiki mbili na kuandika kwenye daftari kila swali aliloulizwa, kwa maneno ya mteja mwenyewe. Alijaza kurasa sita. Kompyuta mpakato ya inchi kumi na tano inaingia? Mkanda unarefuka mpaka wapi? Mvua ikinyesha rangi inatoka? Zipu ikiharibika mnabadilisha? Unaweza kuweka jina langu? Inachukua siku ngapi? Na lile ambalo kila muuzaji wa mtandaoni analijua: bei gani?

Kwenye posti zake bei haikuwahi kuandikwa. Aliandika kama wengine wanavyoandika: "Bei njoo inboksi." Mteja anakuja inboksi, anapewa bei, anauliza mkanda, anajibiwa, anauliza mvua, anajibiwa. Kesho anakuja mwingine na maswali yaleyale. Fundi alikuwa ameandika majibu mamia, mazuri, ya mtu anayeijua kazi yake, na yote yamezama kwenye mazungumzo ya faragha ambako hakuna mteja mwingine atakayeyaona na hakuna injini ya kutafutia itakayoyasoma. Wakati huohuo tovuti yake ilikuwa haina hata sentensi moja kuhusu mvua.

Maoni yangu kuhusu kisa hiki yako hapo. Tumezoea kuitumia mitandao ya kijamii kama mdomo wa tovuti: tunaposti ili watu waje. Ni mara chache tunaitumia kama sikio lake. Mtandao unajua kitu ambacho tovuti haiwezi kukijua peke yake, yaani wateja wanauliza nini, kwa maneno gani, na wanasita wapi. Kama majibu ya maswali hayo hayarudi kwenye tovuti, muuzaji atajibu upya kila siku mpaka achoke, na siku njia ikifungwa hatabaki na kitu.

Basi tulianza na daftari, si na picha. Kila mkoba ulipewa ukurasa wake na anwani yake. Juu picha nne zilizohifadhiwa kwenye tovuti yenyewe, chini yake vipimo kwa sentimita, bei, muda wa kushona, kisha majibu ya maswali yaliyowahi kuulizwa kuhusu mkoba huo. Nilimsihi asiyasanifishe. Kama wateja wanauliza "inaingia laptop kubwa?", basi aandike hivyohivyo, kwa sababu ndivyo mtu mwingine atakavyoandika anapotafuta. Jibu la mvua lilikuwa bora kuliko yote: alieleza kwamba ngozi ile hairuhusu maji kupenya haraka lakini mshono unaruhusu, hivyo mkoba ukilowa ukaushwe kivulini na usiwekwe karibu na moto. Nilijaribu kuandika jibu hilo mimi nikashindwa. Liliandikwa na mtu aliyewahi kuharibu mkoba kwa kuukausha vibaya.

Kuandika bei hadharani kulitugharimu mjadala wa siku mbili. Fundi aliogopa kwamba washindani wataiona, na kwamba mteja akiona bei kabla ya kuzungumza naye ataondoka. Mimi nilishikilia kwamba anayeondoka kwa sababu ya bei angeondoka hata inboksi, ila baada ya kumchukulia robo saa. Hatukukubaliana kikamilifu. Tuliandika bei za mikoba ya kawaida, tukaacha ile ya kuagiza maalumu iwe ya mazungumzo. Sasa naona alikuwa na hoja kwa hiyo ya pili, kwa sababu bei yake kweli inategemea mazungumzo.

Kisha tukarudi kwenye mitandao, na hapa kuna kazi ya ufundi ambayo wengi huiruka. Kiungo cha tovuti kikitumwa kwenye WhatsApp au Facebook, hutokea kisanduku chenye picha, kichwa na maelezo mafupi. Vitu hivyo havichaguliwi kwa bahati. Vinasomwa kutoka kwenye vitambulisho vilivyofichwa ndani ya ukurasa, vya utaratibu unaoitwa Open Graph, ambao Facebook iliutangaza mwaka 2010 na mitandao mingine ikaufuata. Vinne vinatosha kuanzia: og:title, og:description, og:image na og:url. Tovuti ya Fundi haikuwa nacho hata kimoja, kwa hiyo kila kiungo alichotuma kilitokea kama mstari wa herufi za bluu, na watu wamefundishwa kuogopa mistari ya herufi za bluu. Tuliweka kwa kila mkoba picha yake ya pikseli 1200 kwa 630, kipimo ambacho Facebook inakipendekeza, na mkoba ukiwa katikati kwa sababu programu nyingine hukata pembeni.

Ilitusumbua kitu kimoja. Tulibadilisha picha, tukatuma kiungo, ikaja picha ya zamani. Facebook hutunza nakala ya ukurasa iliyousoma mara ya kwanza, na huendelea kuionyesha kwa muda isipoombwa kuusoma upya. Kuna zana yao ya bure ya kukagua viungo inayofanya hivyo: unabandika anwani, unaona wanachokiona wao, unaagiza wasome tena. Tulipoteza jioni nzima tukidhani tumekosea sisi.

Kitufe kilichokufa tulikibadilisha na kitu rahisi zaidi ambacho hakihitaji plagini: kiungo cha wa.me. Unaandika wa.me, mkwaju, kisha namba kamili ya simu kuanzia msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri za mbele, bila nafasi wala vistari. Ukiongeza ?text= na maneno, mteja akibonyeza anakuta ujumbe umeshaandikwa, anautuma tu. Kwenye kila ukurasa tuliweka ujumbe unaotaja jina la mkoba ule. Mazungumzo yaliyokuwa yakianza na "Mambo, ule mkoba" na dakika tano za kutafuta upi, yakaanza na jina la mkoba. Kama WhatsApp nayo itabadilika siku moja, tutabadilisha mstari mmoja, na ukurasa utabaki na kila kitu kingine.

Tuliondoa pia vitufe vya "Penda" vya Facebook vilivyokuwa chini ya kila ukurasa. Havikuleta mteja, na vina jambo ambalo mwenye tovuti ndogo hapaswi kulipuuza. Tarehe 29 Julai 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la duka la nguo la mtandaoni la Ujerumani liitwalo Fashion ID, iliamua kwamba mwenye tovuti aliyeweka kitufe hicho anabeba wajibu pamoja na Facebook kwa taarifa za wageni zinazokusanywa na kutumwa kule, hata kama mgeni hakukibonyeza wala hana akaunti. Hukumu hiyo ni ya huko, lakini swali lake linamhusu kila mmoja: umemwambia mgeni wako nani mwingine anamwona?

Baada ya hapo Fundi alitaka kujua ni mtandao upi unamlipa kwa jasho lake. Alikuwa na wafuasi wengi zaidi kwenye mtandao wa picha, kwa hiyo aliamini jibu analo. Takwimu za tovuti zilionyesha kitu kingine, yaani sehemu kubwa ya wageni waliandikwa kuwa wamekuja "moja kwa moja", kana kwamba waliandika anwani wenyewe. Haikuwa hivyo. Kiungo kinachotumwa kwenye mazungumzo ya faragha mara nyingi hufika bila alama ya kilikotoka. Mwandishi Alexis Madrigal aliuita usambaaji huu wa kificho "jamii ya giza" mwaka 2012, na kwa mtu anayeuza kupitia WhatsApp giza hilo ndilo duka lenyewe.

Dawa yake ni kuweka alama mwenyewe mwishoni mwa kiungo: utm_source kwa jina la mtandao, utm_medium kwa aina ya njia, utm_campaign kwa jina la shughuli. Herufi hizo ni urithi wa Urchin, kampuni ya takwimu za tovuti ambayo Google iliinunua mwaka 2005, na hadi leo programu nyingi za takwimu zinazielewa. Tulitengeneza viungo vitatu tu, kimoja cha wasifu wa mtandao wa picha, kimoja cha stetasi ya WhatsApp, kimoja cha kundi la wateja wa zamani. Mwezi ulipoisha, stetasi ndiyo iliyoleta watu waliofungua kurasa nyingi na kuandika. Wafuasi wengi kule kwenye picha walipenda, wakasifu, wakapita. Si kwamba wafuasi hao hawana faida, kwani maswali mazuri zaidi ya daftari yalitoka kwao. Ila kazi yao ilikuwa kuuliza, na tulikuwa tukiwadai wanunue.

Kwenye WhatsApp pia kulikuwa na jambo la kuumiza. Fundi alikuwa akituma matangazo kwa orodha ya kutangazia, akiamini kila mtu anapata. Orodha ya namna hiyo ina ukomo wa watu 256, na ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wateja wake wengi walikuwa wamechati mara moja na kununua, bila kuhifadhi namba. Siku hizi kila mkoba unatoka na kadi ndogo yenye namba na ombi la kuihifadhi, na kwenye tovuti kuna mahali pa kuacha barua pepe kwa anayependa. Wanaojaza ni wachache. Lakini orodha ile iko kwenye faili lake, na wote wameridhia kuandikiwa.

Suala la umiliki nililiweka mwisho na lilipaswa kuwa la kwanza. Ukurasa wa biashara wa Fundi ulikuwa umefunguliwa kwa akaunti binafsi ya yule kijana, na yeye ndiye msimamizi pekee mwenye mamlaka kamili. Jina la tovuti lilisajiliwa kwa barua pepe yake. Alikuwa mwaminifu, alipokea simu, akakabidhi vyote kwa siku moja. Kama angekuwa amebadilisha namba, au ameugua, au wamegombana, Fundi angepoteza ukurasa na anwani yake kwa pamoja, na kila kiungo alichowahi kukituma kingeelekea kusikojulikana. Sasa wasimamizi ni wawili, yeye na ndugu yake, uthibitisho wa hatua mbili umewashwa kwenye kila akaunti, misimbo ya akiba imeandikwa kwenye karatasi na kufungiwa kabatini. Jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe yake mwenyewe na tarehe ya kulipia iko kwenye kalenda ya ukutani. Kama unasoma hapa na hujui ukurasa wako uko kwa jina la nani, acha kusoma ukaangalie.

Nilikosea pia, na makosa yangu yalimgharimu muda. Nilimshauri afungue akaunti kwenye mitandao mitano ili asitegemee mmoja. Kwa wiki tatu alishona usiku ili mchana aposti, na posti zenyewe zilifanana na za mtu aliyelazimishwa. Aliniambia waziwazi kwamba ameacha, amebaki na miwili, na alikuwa sahihi. Usalama wake ulikuwa kwenye tovuti iliyojaa na namba za wateja, si kwenye wingi wa akaunti. Nilimshauri vilevile aandike makala ndefu kila wiki. Aliandika moja, kuhusu aina za ngozi, na haikusomwa. Kilichosomwa ni video ya sekunde arobaini ya mkono wake ukishona mshikio kwa uzi wa nta, aliyoipakia bila kuniuliza, na chini yake akaandika kwamba maelezo yako kwenye kiungo cha wasifu. Kwenye Instagram anwani uliyoiandika ndani ya maelezo ya picha haibonyezeki, hivyo kiungo cha wasifu kinabeba mzigo wote. Tuliacha kukielekeza ukurasa wa kwanza. Kila akiposti, anakielekeza ukurasa wa mkoba ulioonekana kwenye posti.

Maoni ya zamani ya wateja hatukufanikiwa kuyahamisha yote. Fundi aliwaandikia mmoja mmoja wale aliowakumbuka, akaomba ruhusa ya kunakili maneno yao na picha zao kwenye tovuti. Wengi walikubali, wawili walikataa picha wakakubali maneno, na wengine hawakujibu. Ya hao tuliyaacha.

Wiki iliyopita mteja mpya aliandika swali ambalo halikuwamo kwenye daftari: mkoba mweupe ukigusana na suruali mpya ya jinzi, unachukua rangi? Fundi hakujibu papo hapo. Alichukua kipande cha ngozi nyeupe, akakisugua kwenye jinzi mpya, kikavu na kibichi, akapiga picha zote mbili. Akafungua ukurasa wa mkoba ule kwenye simu, akaandika jibu, akaweka picha, akahifadhi. Ndipo akarudi kwenye mazungumzo na kumtumia mteja kiungo.